Mzee Néhémie na Binamu wa Msituni

Mwalimu Néhémie alikuwa na majibu mawili kwa swali moja, na wala hakuona haya. Walimu wote wa biolojia aliowajua hapa Bunia walifanya vivyo hivyo. Likifika somo la chimbuko la binadamu, unaandika ubaoni kwa Kifaransa kile programu ya serikali inachotaka, kisha kabla ya kengele unawageukia wanafunzi na kuwaambia: "Hii ni ya examen. Mukitoka hapa, muiache hapa." Watoto wanacheka, wananakili, wanapata pointi zao za mtihani, na Jumapili wanaimba kwamba Mungu alimwumba mtu kwa udongo. Mambo yanakwenda.

Shule ilikuwa ya kanisa, na kanisa lenyewe ni lile lile la Nyakasanza ambalo Néhémie alikuwa mmoja wa wazee wake. Watu wake walikuja kutoka Butembo na duka la vitenge. Duka lilikufa, yeye akabaki na chaki. Alikuwa mtu wa sauti nzito na koti la kahawia, mwenye sifa ya kutojua kukasirika. Sifa hiyo aliipenda. Mtu akipenda sana sifa yake mwenyewe, mwangalie kwa makini.

Basi mwaka huu alifika kwenye somo lile akiwa na vipande viwili vya kitenge alivyomwomba mkewe, Musoki, avishone pamoja. Aliviinua mbele ya darasa la mwisho la sayansi.

"Sokomutu iko na paire vingt-quatre za chromosomes," aliwaambia. "Siye tuko na vingt-trois. Ile moja ilienda wapi?"

Jozi ishirini na nne kwa sokwe, ishirini na tatu kwa mtu. Akawaonyesha mshono katikati ya kitenge. Haikupotea, alisema, mbili zilishikana zikawa moja, na wataalamu walipochungulia ndani ya chembe zetu waliona mahali pa mshono, kwani alama ambazo kwa kawaida hukaa kwenye ncha za kromosomu, kwetu sisi zimo katikati. Akawaeleza pia kwamba ukilinganisha DNA yetu na ya sokwe herufi kwa herufi, kwa sehemu kubwa utaona kama tisini na nane au zaidi katika kila mia zinafanana. Akawakanya wasiseme kamwe kwamba mtu alizaliwa na sokwe, maana hakuna mwenye akili aliyesema hivyo. Sokwe si babu. Ni binamu. Babu ni mwingine, alikwisha zamani sana, akaacha matawi mawili.

Alikuwa karibu kusema maneno yake ya kila mwaka aliponyoosha mkono Arielle, msichana wa benchi la mbele. Familia yake ilikimbia vita kutoka Bule, ikapokelewa na kanisa, na yeye akawa sauti ya kwanza ya kwaya.

"Prof, tunajua hii ni ya examen," alisema. "Lakini weye mwenyewe, unaamini?"

Sijui ni nini kilimpata Néhémie siku ile. Labda ni kitenge, labda ni uso wa mtoto aliyeuliza kwa sababu alitaka kujua kweli. Miaka yote ya ualimu hakuna aliyewahi kumwuliza. Akaweka chaki chini.

"Naamini," alisema. "Naamini kama Mungu njo aliumba muntu. Na naamini alipitia ile njia, polepole, miaka na miaka. Mi siko na haya ya kuwa na binamu mu pori. Haya iko ya nini?"

Kwake yeye Mungu ndiye aliyeumba, na njia aliyopitia ni ile ya kitenge. Hakuna aliyeandika, kwa kuwa hakuwaamuru waandike. Kengele ilipolia Néhémie alitoka akijisikia mwepesi, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Hata njiani alikuwa akipiga mluzi.

Kosa la Arielle lilikuwa moja tu: alidhani jibu la kweli linaweza kuvuka barabara kutoka shuleni hadi kanisani.

Jumamosi alasiri vijana wa kanisa walikuwa na kipindi cha mjadala, na kiongozi wao, Serge, kijana mcheshi mwenye mdomo usiochoka, alileta swali: mtu alitoka wapi? Wengi walijibu kwa mistari ya Mwanzo wakaketi. Arielle akasimama akaeleza habari ya kitenge na mshono.

"Ala! Donc weye ni mutoto ya sokomutu?" Serge alisema. "Bandugu, mumutafutie ndizi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Arielle akajaribu tena: binamu, si babu. Wakazidi kucheka. Mmoja akajikuna kwapani, mwingine akalia kama mnyama. Msichana akasimama pale uso ukimwaka, na mtu aliyezongwa hutupa jiwe kubwa kuliko yote aliyo nalo.

"Hata Prof Néhémie anaamini!" alisema kwa nguvu. "Yeye muzee ya hili kanisa! Alituambia yeye mwenyewe!"

Kicheko kikakatika. Jioni ile ile mama wawili walikuwa wameshalifikisha neno kwa mchungaji.

Baraza la wazee likakaa siku ya Alhamisi, katika chumba kidogo nyuma ya mimbari wanamoweka ngoma na viti vibovu. Arielle aliitwa pamoja na mama yake, ambaye watu wote walimwita Mama Arielle na ambaye aliuza maharagwe sokoni. Mchungaji Liévin hakuwa mtu mkali, msimwelewe vibaya. Alikuwa amezika watu wengi mno katika miaka mibaya ya mauaji ya Ituri, na ile sauti yake ya chini aliipata kando ya makaburi.

"Miye sipingi masomo," alisema. "Lakini munajua hapa kwetu. Muntu akianza kuita mwenzake nyama, siye tunajua inaishiaka wapi. Tuliona. Njo maana ile neno inaniogopesha mu kanisa." Kisha akamgeukia Néhémie. "Muzee, huyu mutoto anasema weye ulisema unaamini. Ni kweli?"

Néhémie alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa ametunga maelezo mazuri yenye Mungu mwanzoni na Mungu mwishoni. Angeweza hata kumjibu mchungaji neno la busara: kwamba aliyemwita mwenzake mnyama alitaka kumtoa katika undugu, na somo hili linaurefusha undugu wenyewe hadi msituni. Lilikuwa tayari ulimini. Lakini aliinua macho akawaona wazee wenzake wakimtazama, na miongoni mwao mkuu wa shule, aliyekuwa ameshika kidevu na kungoja. Akaiona kazi yake. Akaiona nyumba ya kanisa anamokaa. Akaliona hata koti lake la kahawia likiwa limekaa benchi la nyuma Jumapili.

"Programme ya serikali iko inaomba tufundishe ile, na miye nafundisha," alisikia mdomo wake ukisema. "Lakini kusema kama miye mwenyewe naamini… Hapana, Pasteur. Mutoto alisikia vibaya."

Maneno yalitoka laini kama mafuta.

"Prof?" Arielle alisema. Hilo tu. Hakulia wala hakubisha. Alimtazama kwa mshangao mtupu, kama anayengoja mtu amalizie sentensi.

Mama yake ndiye aliyepiga magoti. Mwanamke yule, aliyebeba watoto mgongoni kutoka Bule akiacha shamba na kaburi la mumewe, alipiga magoti kwenye saruji mbele ya Néhémie.

"Utusamehe, Muzee," alisema. "Ni miye nilimulea vibaya. Kusingizia muntu mukubwa hivi! Arielle, omba pardon!"

Néhémie akamwambia ainuke, ainuke mama, hakuna neno. Hakuna aliyefikiri kuwaita wanafunzi wengine. Ni nani angeweka neno la watoto juu ya neno la mzee?

"Weye njo ulikosewa," mchungaji alimwambia. "Sema weye: disipline ikuwe ya muda gani?"

Katika kanisa lile, aliye chini ya nidhamu haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, na hukaa nyuma hadi siku atakapoungama mbele ya watu na kupewa mkono na yule aliyekosewa. Wengine hukaa hivyo mwaka mzima. Néhémie akaona nafasi ya kupunguza uovu wake, akaikimbilia.

"Isikuwe murefu," alisema. "Atoke tu mu chorale mpaka mukutano ya Komanda ipite. Halafu tumupokee."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akasema huo ndio moyo wa baba. Ni Arielle peke yake aliyefumba macho, na hapo ndipo Néhémie alipokumbuka kwamba safari ya Komanda ndiyo msichana aliyokuwa akiifanyia mazoezi tangu kiangazi. Kwamba yeye ndiye angeongoza wimbo, mbele ya makanisa yote. Ulimi hauna mfupa. Angeweza kusema, ngojeni, nimekosea. Hata hilo hakulisema.

Nyumbani Musoki alikuwa amekwisha kusikia. Alimwekea chakula, akasimama mlangoni.

"Weye ulikuwa unasema ile maneno hata hapa ku meza," alisema. "Miye njo nilikushonea ile kitenge."

"Musoki, ningesema, wangenifukuza. Hii nyumba ni ya kanisa. Tungeenda wapi?"

"Sikukuuliza juu ya nyumba. Nauliza juu ya mutoto ya wenyewe."

Musoki akaenda kulala upande wa watoto.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya kwa namna asiyoitegemea. Alidhani wanafunzi wangemzomea, au wangemcheka kichinichini. Hapana. Walikuwa na adabu kuliko wakati wowote. Aliingia wakasimama, akaandika wakanakili, akauliza kama kuna swali na vichwa vyote vikabaki chini. Darasa zima lilikuwa limesikia kwa masikio yake, na darasa zima sasa lilijua mwalimu wao ni mtu wa namna gani. Arielle alikaa benchi lake lile lile, akajibu alipoulizwa, akapata pointi zote.

Siku moja wakiwa kwenye somo la damu, kijana aitwaye Emery, ambaye kwa kawaida husinzia, akanyoosha mkono.

"Prof, hii ya leo ni ya examen, ao ni ya kweli?"

Hakusema kwa kejeli. Hakuna aliyecheka, na Arielle aliinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyetukanwa. Néhémie akageukia ubao akaandika neno ambalo lilikuwa tayari limeandikwa.

Ndipo akaamua kwenda kwa Mama Arielle. Alikwenda soko la Nyakasanza mchana, amejifunga kibwebwe cha maneno, akamkuta nyuma ya mafungu yake ya maharagwe. Mama alipomwona alisimama upesi akafuta kigoda kwa kitambaa.

"Mama Arielle, nilikuja juu ya ile mambo ya baraza," Néhémie alianza. "Nataka nikuambie kweli—"

"Muzee, usiseme tena," mama akamkata. "Ulishasamehe, imetosha. Miye na mutoto tuko na haya sana. Nilimuambia, kama haukuomba disipline ifupishwe, tungepotea." Huku akisema alikuwa anachota maharagwe kopo kwa kopo, anayamimina ndani ya mfuko. "Ya Bule, ya kwetu kabisa. Mupelekee Mama Musoki. Hapana, hapana, usitoe pesa. Usikatae, Muzee, utanivunja roho."

Angeweza kuuweka mfuko chini. Angeweza kusema maneno mawili tu: mtoto hakudanganya. Wateja walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, wakimtazama mzee wa kanisa kwa heshima, na yeye, ole wake, akaupokea mfuko kwa mikono miwili na kushukuru. Aliubeba njia nzima akiona kila anayepishana naye anajua kilichomo. Musoki aliuangalia, akauliza umetoka wapi, akaambiwa. Hakuupika.

Kwaya ikaenda Komanda, ikarudi. Ikafika Jumapili ya kumpokea Arielle.

Asubuhi ile Néhémie alivaa akiwa ameamua. Usiku alikuwa amelia, jambo ambalo hakulifanya tangu mama yake afariki, na kulipopambazuka alimwambia Musoki: "Leo nasema." Musoki hakumjibu, ila alimnyooshea kola ya shati. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu siku ya baraza.

Kanisa lilijaa hadi nje. Mchungaji Liévin akamwita Arielle mbele, na Néhémie akasimama mahali pake, uso kwa uso na msichana, kama desturi inavyotaka mkosewa asimame. Mkuu wa shule alikuwa kiti cha mbele. Arielle alikuwa amevaa gauni la bluu, mikono ameikunja. Akapewa kipaza sauti.

"Bapendwa," alisema, "nilisema kama Prof Néhémie aliamini kintu. Baraza liliona hakusema. Naomba pardon kwa kanisa, na kwa mama yangu."

Aliyasema bila kupepesa. Néhémie alisikia vizuri kwamba hapakuwa na uongo hata mmoja ndani yake: alisema, baraza liliona, anaomba radhi. Mtoto alikuwa ametafuta njia ya kupita katikati ya moto bila kuungua, na aliipata peke yake, kwa sababu mtu mzima aliyepaswa kumsaidia alimkimbia. Akanyoosha mkono, akakichukua kile kipaza sauti.

"Arielle hakusema uongo," alisema. "Mutoto alisema kweli. Miye njo nilikosa. Kosa ni yangu, haiko yake."

Arielle akainua kichwa. Néhémie aliuona uso wake ukifunguka taratibu, kama dirisha lililokwama likisukumwa, na kwa dakika ile moja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa Bunia.

Mchungaji Liévin alikuwa na machozi. Alisogea, akamshika Néhémie bega.

"Bandugu, munaona?" alisema kwa sauti iliyojaa. "Munaona upendo? Yeye njo alikosewa, na anabeba kosa ya mutoto juu ya mugongo yake! Njo vile Bwana alitubebea ya kwetu!"

"Amina!" kanisa likaitika. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Arielle alikuwa analia waziwazi, mikono kichwani.

"Hapana, Pasteur," Néhémie alisema, "hamukusikia—"

"Tumesikia, Muzee, tumesikia!" Mchungaji alikuwa anacheka sasa, kicheko cha mtu mwenye raha moyoni, naye akaugeukia ukumbi. "Ao niwaulizie kabisa, ili hata Serge asikie? Muzee Néhémie, mbele ya hawa batu bote: weye unaamini kama sokomutu ni binamu yako?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Serge alikuwa anapiga mapaja. Mkuu wa shule, ambaye hacheki kamwe, alikuwa anafuta miwani kwa kucheka. Hapakuwa na mtego katika swali lile. Lilikuwa mlango ulioachwa wazi kabisa, na jibu lake lilikuwa neno moja. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Kila mtu alikuwa anamtazama kwa mapenzi, mapenzi ambayo hakuwahi kupewa maishani, na yote yangezimika kwa neno hilo moja.

Néhémie akacheka.

Hakukusudia, mnaweza kumtetea hivyo mkitaka. Kilianza kama pumzi, kikawa kicheko, kikapita kwenye kipaza sauti kikajaa kanisa zima, na watu wakapiga makofi. Aliendelea kucheka hata alipoona kwamba Musoki ameinuka kwenye benchi la wanawake na anaelekea mlangoni.

Arielle ndiye aliyenyoosha mkono kwanza, kwa kuwa desturi ilikuwa haijakamilika na mtu alipaswa kuikamilisha. Néhémie akaupokea. Wa msichana ulikuwa mkavu na mtulivu, wake ulikuwa umelowa jasho.

"Asante, Muzee," alisema Arielle.

Siku zote, hata kanisani, alikuwa akimwita Prof. Kisha akaenda kukaa na kwaya, na ibada ikaendelea.